Kashozi baada ya wageni kuondoka

UKIMTAJIA mkazi wa Dar es Salaam mapumziko ya milimani, upesi atakujibu Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na wakaufanya kimbilio lao la kukwepa joto la pwani. Kashozi hataitaja, isipokuwa kama kitovu chake kimezikwa Bukoba. Hata hivyo Kashozi nayo, juu ya mgongo wa vilima ulio kaskazini mwa mji wa Bukoba, ina msimu wake wa wageni. Tofauti ni kwamba wageni wa Kashozi ni watoto wake wenyewe.

Kila Desemba hufika kwa mabasi na kwa magari madogo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha. Makaburi hupakwa chokaa. Harusi hufuatana na ubatizo, na ubatizo na vikao vya ukoo. Senene hukaangwa, lubisi hutolewa, na vijana waliozaliwa Temeke na Kinondoni hufundishwa na bibi zao namna ya kuamkia. Ifikapo katikati ya Januari, shule zikikaribia au zikiwa zimefunguliwa, kufuli hurudi milangoni.

Mwandishi wa makala haya ameijua Kashozi kwa namna hiyo tangu utotoni: kwa siku kumi au kumi na mbili za mwaka, tumbo likiwa limeshiba. Mwaka huu nilikwenda Aprili.

Ilikuwa masika. Basi dogo lilipanda kutoka mjini likiwa na abiria wachache, magunia ya unga na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Nilipogeuka kutazama nyuma, Ziwa Victoria lilikuwa la rangi ya bati, halina mpaka na mbingu. Bukoba yenyewe, ilivyo kando ya maji, ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; huku juu kuna baridi ya kumfanya mtu wa pwani ajutie shati lake jepesi. Ukungu ulikuwa umeketi juu ya migomba kama mgeni asiye na haraka.

Nilipoteremka, mama mmoja aliyejikinga mvua kwa jani la mgomba alinitazama mimi, akautazama mfuko wangu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Waitu, amefariki nani?"

Nilimjibu kuwa hakuna aliyefariki. Hakuniamini. Hatua chache mbele, mzee mmoja aliyekuwa barazani aliniuliza swali hilo hilo. Nilipofika nyumbani, shangazi yangu alitoka jikoni, akaniona, akaweka chini sufuria aliyoishika, akashika kichwa. "Mwanangu, ni nani?"

Ndugu msomaji, nilisimama pale uani na matope yangu nikaona aibu. Mtu wa kwetu anayeonekana Aprili amekuja kuzika. Hivyo ndivyo tulivyowazoeza wazee wetu.

SHAMBA LINALOLISHWA

Shangazi anaishi peke yake katika kibanja alichoacha babu. Alirudi hapo zamani, ndoa yake ilipovunjika, na ndiye aliyemuuguza babu, kisha bibi, kisha baba yangu aliporudi kijijini na ugonjwa wake wa mwisho. Wote watatu wamelala katikati ya migomba, hatua chache kutoka dirisha lake. Nyumba yake ni ndogo, ukuta mmoja una ufa tangu tetemeko la ardhi la Septemba 10, mwaka 2016, lile la kipimo cha 5.9 lililobomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera. Ufa huo tuliuona kila Krismasi, tukasema utazibwa.

Nilikaa naye siku tano, na kwa mara ya kwanza nikaona kibanja kinavyofanya kazi. Mgeni wa Desemba hudhani migomba ya Bukoba inajiotea. Si kweli. Mvua hapa ni nyingi mno, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa karne nyingi imekuwa ikiosha rutuba kutoka ardhini. Ushahidi upo wazi kila mahali: nje ya kibanja ni rweya, nyika ya majani makavu isiyofaa kwa mengi. Udongo mweusi ulio chini ya mgomba umetengenezwa na mikono ya watu. Majani ya rweya yamekatwa, yakabebwa kichwani na kutandazwa. Samadi imemwagwa, maganda ya ndizi na jivu la jikoni vikarudishwa shinani, kizazi baada ya kizazi. Ng'ombe walipokufa kwa wingi katika tauni ya mifugo ya miaka ya 1890, vibanja navyo viliathirika kwa kukosa mbolea. Kisha katika siku zetu ukaja mnyauko wa migomba, ulioonekana Kagera mwaka 2006, ambao dawa yake ni kuwa macho: kukata ua la kiume mapema kwa mti wenye panda, kung'oa shina lililougua, kusafisha panga kwa moto kabla ya kugusa shina jingine.

Kazi hizi hazifanyiki Desemba. Nilimfuata shangazi asubuhi, yeye akiwa na kisu chake kilichochongoka, akipogoa jani moja hapa na jingine pale, akilitandaza pale pale kwa mguu. Mikahawa ilikuwa na punje za kijani, mavuno hayajafika, na hakuna fedha nyumbani. Aliniambia hivyo bila kulalamika, kama mtu anavyosema saa.

Mchana mmoja mvua ilipoacha nilitembea hadi parokiani. Kashozi ni mahali pa kale katika historia ya Ukatoliki wa nchi hii. Mwaka 1892 Mapadri Weupe waliotoka Buganda pamoja na Askofu Hirth, baada ya vita vya huko, walianzisha hapa misheni yao, miaka miwili tu baada ya Emin Pasha kufungua boma la Wajerumani Bukoba. Ni hapa pia alipozikwa Laurian Kardinali Rugambwa, Kardinali wa kwanza mzalendo wa Afrika, alipofariki Desemba 1997; mwili wake ulikaa Kashozi hadi mwaka 2012 ulipohamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Wakati wa Krismasi sijawahi kupata nafasi ya kukaa humo kanisani. Umati hukusukuma hadi nje. Siku hiyo ya Aprili walikuwamo akina mama wanne, wa umri wa shangazi wote, wakisali rozari kwa Kihaya. Nilihesabu tena nilipotoka. Wanne.

NILICHOTUMWA

Sasa niseme kilichonipeleka, maana nimekizunguka vya kutosha. Kaka yetu mkubwa anataka kujenga. Ramani ameshachorewa: vyumba vitano, vigae, na uwanja wa kuegesha magari matatu. Mahali panapofaa, kwa sababu pako karibu na barabara, ni pale ilipo nyumba ya shangazi na sehemu ya migomba inayoizunguka. Shangazi angehamishiwa chumba cha uani. Katika kikao chetu huko mjini hakuna aliyepinga, mimi nikiwamo, na kwa kuwa kazi yangu ni ya maneno, nikachaguliwa kumpelekea.

Kwa mila, kaka yuko upande wenye nguvu. Sheria ya mila iliyoandikwa na kutangazwa mwaka 1963 ilimruhusu binti wa ukoo kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, si kuiuza. Ndipo Bi Holaria Pastory wa Kashasha, Muleba, ambaye baba yake alimwachia shamba kwa wosia, alipoona uzee unamwelemea na hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanaukoo mmoja akamshitaki. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatamka kuwa mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsia yake.

Usiku wa nne, tukimenya ndizi kwa mwanga wa taa ndogo ya jua, nilimsimulia shangazi habari za mama huyo. Nadhani nilikuwa nikitafuta mlango wa kuingilia. Alisikiliza hadi mwisho, akatupa ganda katika kapu.

"Alipouza," akauliza, "alikwenda kukaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hukumu inayojadiliwa na wanasheria kwa miaka mingi, na hilo ndilo swali lililomjia yeye kwanza.

Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba kaka yangu alipokuja Desemba alipima kwa hatua kutoka kaburi la babu hadi barabarani, akahesabu kwa sauti. "Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Nilihesabu naye."

Kumbe alijua tangu wakati huo. Miezi minne alikuwa akipogoa na kutandaza majani katika sehemu ile ile, akijua. Nilimwuliza kwa nini anaendelea kuihudumia. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu hula. Mgomba usipotazamwa unaanguka, akasema. Na akanikabidhi ndizi nyingine nimenye.

Asubuhi ya kuondoka alinitembeza mpakani, mlamula hadi mlamula, mimea ile ambayo wazee waliipanda kutenganisha jirani na jirani. Alinitaka niitaje kwa mpangilio, na kila nilipokosea aliturudisha mwanzo. Kisha akanifungia kahawa ya kutafuna katika kibumba cha gome la mgomba, na mkungu wa ndizi mzito kuliko mfuko wangu.

Basi lilichelewa. Tulikuwa tumejikinga chini ya bati la duka, mvua imeanza upya, kaka aliponipigia simu.

"Umemwambia?"

Shangazi alikuwa kando yangu, ameushika ule mkungu ili usilowe upande mmoja. Bati lilikuwa likipigwa kwa nguvu, na kwa hakika sauti ilikuwa ikikatika.

"Sikusikii, kaka," nikasema. "Huku ni mvua. Njoo mwenyewe, uje Mei, kabla ya mavuno."

Aliuliza kama kuna msiba.