Cherehani, gari na amana: ninavyoitunza Vitz yangu nyumbani



Leo tuweke kando lesi na satini, tuzungumze gari. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya kina baba. Lakini wengi wetu tunaendesha: tunapeleka watoto madrasa, tunakwenda Darajani, na sisi wenye biashara tunapeleka mizigo. Gari zenyewe ni hizi ndogo za Kijapani zilizokwishatumika. Yangu ni Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile lililoanza mwaka 1999, injini ya lita moja. Hainywi mafuta mengi, na ndiyo inayobeba nguo za maharusi kutoka Fuoni hadi mjini. Ikigoma, sichelewi mimi peke yangu. Kuna mwari anasubiri nguo yake ya nikaha.

Chuo cha ushonaji kilinifundisha hivi: kabla ya kushona, safisha manyoya chini ya sindano, kisha tia mafuta. Cherehani iliyosahauliwa haifi siku moja. Huanza kuruka nyuzi, ikapiga kelele, mwisho ikakwama katikati ya kazi ya mtu. Injini nayo ni hivyo hivyo.

Kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa imepoa na gari imesimama pahala pa sawasawa, nafungua boneti. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha, nakichomoa tena. Oili iwe baina ya alama mbili. Naangalia maji kwenye chupa ya rejeta. Mfuniko wa rejeta wenyewe usiufungue injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Halafu betri: kwa hewa yetu ya chumvi, vichwa vyake huota ungaunga. Nafungua waya wa hasi kwanza, nasugua kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu, nakausha, napaka vaselini. Si kazi ya kukuchelewesha kupika.

Mwaka jana, wiki yenye harusi mbili, gari ikawa inakwamakwama nikikanyaga mafuta. Fundi wa gereji moja akaniambia pampu ya mafuta imekufa, ninunue mpya. Nikamwomba anipe siku mbili. Nikafungua chujio la hewa: limejaa vumbi la barabara zetu za ndani. Nikatoa plagi zote nne, vichwa vyeusi kwa masizi. Plagi nzima huwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Masizi makavu maana yake petroli inazidi hewa, au cheche ni dhaifu. Nikanunua chujio na plagi mpya, nikazianza kwa mkono taratibu ili nisiharibu nyuzi zake, ndipo nikakaza kwa spana. Gari ikavuta, na nguo zote mbili zikafika. Pampu ni ile ile hadi leo.

Na pampu hiyo ina haki yake. Imekaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ukizoea kuendesha taa ya mafuta ikiwaka, unaichosha. Mimi najitahidi isishuke chini ya robo. Lakini dada yangu, mafuta yakiadimika usiweke petroli ndani kwa chupa za soda. Mvuke wake husafiri, na jiko la mkaa haliko mbali. Watoto nao hudhani ni kinywaji.

Jifunze pia kusoma moshi. Mweusi: petroli inazidi. Wa buluu: injini inaunguza oili. Mweupe mzito usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua: zima gari, ita fundi, huenda ni gasketi. Kufungua tangi na breki pia namwachia fundi. Hata mshonaji hupeleka cherehani kwa mwenyewe.

Maharusi, huenda mtaingia nyumba yenye gari kuukuu, au mtanunua yenu kwa fedha za mchezo. Msione haya kuuliza oili ilibadilishwa lini. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na naandika tarehe kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja. Fundi akiona daftari, maneno yake hupungua.

Tunasoma dua ya safari, alhamdulillah, na tunatawakali. Lakini kutawakali hakumwachi ngamia bila kamba. Chombo ni amana, na walio ndani yake ni amana kubwa zaidi.

Ijumaa hii, kabla hujavaa baibui, chomoa kile kijiti ukiangalie. Allah atuhifadhi sote barabarani. Amin.