Mvua Ikishanyesha

Masika yale, mimi na baba watoto tulikuwa hatusemeshani siku ya tatu, kwa kuwa nilikopesha fedha za ada bila kumwambia. Mvua ikatuzuia kibarazani pa kliniki, mimi na dada mmoja Mjapani aliyekuwa akijitolea hapa Bagamoyo. Akanifundisha: mvua ni “ame”, majira yao ya mvua, Juni na Julai, ni “tsuyu”. Kisha methali: “Ame futte ji katamaru,” mvua ikishanyesha, ardhi hushikana.

Nikacheka. “Kwetu ni matope!”

Jioni nikirudi, mchanga wa njiani, ambao kiangazi humeza viatu, ulikuwa umeshikana, unakanyagika vizuri.

Nilipofika nikasema, “Baba, nilikosa. Tuzungumze.”

Mama mwenzangu, ugomvi hauvunji nyumba upesi kama kunyamaziana.