Pontevedra, Mji wa Waendao kwa Miguu

Katika Hispania upo mji uitwao Pontevedra, wenye watu wapatao 80,000. Zamani motokaa zilijaa katikati yake, hata aendaye dukani akakosa pa kupita. Mwaka 1999 Bwana Miguel Anxo Fernández Lores, daktari, akawa Meya, akaanza kuzitoa. Wenye maduka waliingiwa na hofu, wala hatuwalaumu, maana riziki ya nyumba nzima huwa imo katika kibweta kimoja. Lakini wenye motokaa walipewa mahali pa kuziacha bure pembeni, na maduka makubwa ya nje ya mji yakanyimwa ruhusa. Maduka madogo yakasalimika. Watoto wengi huenda shule kwa miguu. Nasi, ambao vichochoro vyetu vya pwani vilijengewa miguu, sasa twajibanza ukutani kupisha pikipiki.