Mashine Ndogo ya Mjomba

Mti ukishalala chini, mpita njia hudhani kazi imekwisha. Kuangusha paini moja ni shughuli ya dakika chache. Kinachokula siku ni matawi. Paini huyatoa kwa ghorofa: matano au sita yanazunguka shina mahali pamoja, kisha inakuja nafasi, kisha ghorofa nyingine, hivyo hivyo hadi kileleni. Yote hayo sharti yakatwe karibu kabisa na shina, kwa sababu kipande cha tawi kikiachwa kimechomoza, gogo haliviringiki vizuri na mpasua mbao atakutukana hata kama hajui jina lako. Huku kwetu Songea kazi hii huachiwa vijana wenye mapanga, au mtu mwenye chenso ndogo. Wenye chenso kubwa huiona kazi ya watoto.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa chenso kubwa. Mashine yake ilikuwa ya zamani, injini ya sisi zaidi ya 100, uzito unaopita kilo kumi kabla hujaijaza mafuta, haina breki ya mnyororo wala mpira wowote wa maana kati ya injini na mshikio. Aliianza kazi kwenye miombo ya upande wa Namtumbo na Tunduru, akikata mninga na mtundu, na baadaye akahamia kwenye mashamba ya paini ya watu binafsi upande wa Madaba, kwenye barabara ya kwenda Njombe. Zaidi ya miaka ishirini mikono yake ilishika chuma kinachotetemeka.

Vidole vilianza kugeuka vyeupe asubuhi za baridi. Anayeijua Songea ya Juni na Julai anajua baridi ninayoisema. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na upepo unaoshuka kutoka Matogoro haumwonei mtu haya. Kwanza ncha za vidole viwili, halafu vinne, vyeupe kama vimepakwa unga, ganzi tupu, kisha damu ikirudi vinawaka moto. Akaanza kushindwa kufunga vifungo vya shati. Akawa anashika kikombe cha chai kwa viganja viwili, kama mtoto. Daktari alimweleza kwamba mtetemo wa miaka mingi umeharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, kwamba baridi huichochea hali hiyo, na kwamba ikishafika mbali hairudi nyuma. Akamshauri aache.

Mashine kubwa aliiuza. Kazi hakuiacha. Alikuja kwangu karakana, pale ninapotengeneza pampu za maji, jenereta ndogo na bodaboda za watu, akanitolea chenso ndogo kwenye kiroba. Ilikuwa STIHL MS 180, mkono wa pili, sisi 31.8, kama kilo nne hivi bila mafuta, baa na mnyororo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nitengenezee hii iwe ya kupunguzia matawi."

(Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo. Wageni huchanganyikiwa.)

Vijana waliokuwa wakisubiri pikipiki zao walikuwa na jibu tayari: toboa ekzosi. Ni ushauri wa kila karakana kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, na si uongo mtupu. Injini ndogo ya namna hii imezibwa mlango wa kutolea moshi ili isipige kelele nyingi. Ukiupanua, inapumua, inapata kasi, na mwenye mashine anafurahi. Lakini injini inayopumua zaidi inataka petroli zaidi, kwa hiyo kabureta lazima iseti upya, la sivyo inajichoma yenyewe. Kelele inaongezeka, na masikio ya mjomba yalikwisha kuibiwa sauti zote nyembamba na ile mashine ya kwanza. Halafu kuna kile kiwavu kidogo cha kuzuia cheche, ambacho mtoboaji hukitupa kwanza. Kuanzia Julai hadi mvua zinapokuja Novemba, sakafu ya shamba la paini ni sindano kavu zilizopangana kama makuti. Cheche moja inatosha. Huku miti ndiyo benki ya wengi, ada ya shule na bati za nyumba zimesimama shambani zikingoja miaka, na nimeona mzee akizunguka shamba lililoungua akigusa shina moja moja. Ekzosi sikuitoboa. Nilikifungua kile kiwavu, nikakichoma masizi, nikakirudisha.

Hata hivyo hoja yangu kubwa ilikuwa nyingine. Tawi la paini ni nene kama kifundo cha mkono, mara chache kama paja la mtoto. Halihitaji nguvu. Na mimi sikuwa natafuta kasi. Nilikuwa natafuta mtetemo mdogo kabisa ambao mashine hiyo inaweza kuutoa.

Nilianza na ile mipira inayotenganisha mshikio na injini. Ilikuwa imelainika kwa petroli na umri, mmoja umepasuka. Watu hubadilisha pistoni na ringi wakaiacha mipira hiyo, kwa kuwa injini inawaka hata ikiwa imekufa. Nikaagiza mipya Dar es Salaam, ikaja na basi. Kisha baa, ule ubapa unaobeba mnyororo. Ilikuwa ya inchi 14. Nikaweka ya inchi 12, yenye pua nyembamba. Mnyororo ukapungua kutoka meno ya chini 50 hadi 44. Hapo uzito wa mbele umepungua, mkono hauvutwi chini, na pua nyembamba inapunguza teke. Teke ndilo linalowaua na kuwakata watu katika kazi ya matawi: robo ya juu ya pua inagusa tawi ambalo hukuliona nyuma ya lile unalolikata, na mashine inarudi usoni kwa kasi ambayo jicho halifuati. Breki ya mnyororo niliisafisha, nikaijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Yeye hakuwahi kuwa nayo maishani, na aliitazama kama mtu anayetazama mkanda wa gari wa kwanza.

Mnyororo ulinichukua jioni nzima. Tupa ya duara ya milimita 4, nyuzi 30, mapigo matatu kila jino, upande mmoja kisha mwingine, meno yote yawe na urefu mmoja. Meno yasiyolingana hukata, lakini hukata yakirukaruka, na kila kuruka kunaishia kwenye kidole. Kisha zile nundu za mbele ya meno, zinazopima jino lile kiasi gani. Zinatakiwa ziwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kuna mafundi wanaozisaga sana ili mashine "ile kwa hasira". Inakula kweli, na inang'ang'ania, na inapiga, na injini ndogo inakwama. Kwa mikono yenye ganzi, mnyororo wenye hasira ni adui.

Kabureta ndiyo iliyokuwa na hadithi. Ya mwanzo ilikuwa na skrubu ya mwendo wa chini tu. Mafuta ya mwendo wa juu yamepangwa kiwandani. Aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa ameibadilisha, akaweka ile yenye skrubu mbili, na kwa ilivyolia, iliseti kwa hewa ya pwani. Huku juu hewa ni nyepesi. Petroli ile ile inakutana na hewa pungufu, mchanganyiko unakuwa mzito, moshi mwingi, plagi inakuwa nyeusi. Nguvu nayo inapungua, kama sehemu moja ya kumi, na hiyo hakuna bisibisi ya kuirudisha.

Kuseti ni kazi ya sikio. Unasafisha chujio la hewa kwanza, unaweka mnyororo uliotiwa makali, unaiacha injini ipate moto. Unaanza na mwendo wa chini, unatafuta pale inapozunguka vizuri zaidi, halafu unaifungulia mafuta kidogo ili ukikanyaga isisite. Silensa unaishusha hadi mnyororo usimame kabisa, si kutambaa, kusimama. Kisha mwendo wa juu, ukitokea upande wa mafuta mengi. Ukiiachia hewani bila kukata, inatakiwa ikorome kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa. Ukiiingiza kwenye mti, koo linasafika. Ikilia nyembamba na tamu ikiwa hewani, imekosa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha pistoni. Vijana huupenda wimbo huo. Injini hiyo itanoki kabla ya Krismasi.

Mjomba alisimama pembeni akinitazama, na nikaelewa kwamba hausikii mkoromo huo. Anasikia injini, hasikii tofauti. Na kwa mikono haisikii pia. Mtu aliyekuwa akijua afya ya mashine kwa kuishika tu, sasa amebaki na macho.

Basi tukatafuta njia ya macho. Nilimwonyesha plagi: akiifungua jioni iwe na rangi ya chai ya maziwa, ikiwa nyeusi na mbichi, mafuta mengi, ikiwa nyeupe, aizime na asiwashe tena hadi anione. Mbao zinazoruka nazo zinasema. Vipande vyenye sura ni makali. Unga ni butu. Mchanganyiko wa petroli tuliuwekea alama ya kucha kwenye chupa: mililita 100 za oili nzuri ya tustroku kwa lita 5. Alitaka azidishe, "ili nisiiue." Nikamwambia oili ikizidi, petroli inapungua katika kila tone, na injini inapata joto zaidi. Hakuniamini. Alifuata, kwa heshima ya bisibisi.

Shangazi, mke wake, alikuja siku ya kuichukua. Alisubiri hadi mumewe ametoka kulipa kiroba cha mahindi jirani.

"Daktari amesema aache. Wewe umemrudisha porini."

Nilimwambia angekwenda hata kwa panga, na panga ni zito zaidi kwa mkono usiojisikia. Nilimwambia kuhusu mipira, baa fupi, breki. Alisikiliza yote.

"Hiyo mashine inatetemeka au haitetemeki?"

"Inatetemeka kidogo, shangazi."

Hakuongeza neno. Mahesabu yake anayajua kuliko mimi: wana wawili bado sekondari, shamba la mahindi lisilotosha, na mwanamume ambaye akikaa nyumbani wiki mbili hula nusu sahani.

Tumekubaliana mambo machache. Haanzi kabla ya saa nne, jua likishapasha. Anavaa glavu. Anajaza tangi mara nne kwa siku, si zaidi, na kati ya tangi na tangi anapumzisha mikono. Hasimamishi mashine hewani. Anailaza juu ya shina, shina libebe uzito, na anasimama upande wa pili wa gogo ili mti uwe kati ya baa na miguu yake. Matawi ya chini yaliyolibeba gogo anayaacha hadi mwisho. Hilo la mwisho hakuhitaji kufundishwa; alinifundisha yeye, nikiwa darasa la tano.

Kila Jumamosi ya pili analeta mashine. Naisikiliza, nageuza skrubu robo ya robo kama kuna haja, natia makali. Halafu namwomba anyooshe mikono juu ya meza, chini ya balbu, nihesabu vidole vilivyo vyeupe. Mwaka jana mwezi wa saba vilikuwa vinne. Mwaka huu, mwezi huo huo, vilikuwa vinne.