Tongoni: Kibla Isiyo na Jamaa

Tulitoka Dar es Salaam mara baada ya swala ya Alfajiri, wajumbe watano wa kamati ya msikiti, kwenda Tanga kuonana na fundi aliyesifiwa kwa ujenzi wa misikiti ya ghorofa. Msikiti wetu umekuwa mdogo. Siku ya Ijumaa watu huswali juani. Kamati ilikwisha pitisha kwamba jengo lote livunjwe, pamoja na kibla ya mawe waliyoijenga wazee, na mkono wetu ndio ulioandika muhtasari wa kikao hicho.

Muheza tulisimama kununua machungwa. Mjumbe mmoja alichukua gunia zima, kana kwamba tulikuwa tumekwisha geuza kurudi.

Tanga ni mji wa utulivu. Barabara za Ngamiani zimepewa nambari, ili mgeni asipotee (sisi tulipotea). Baiskeli ni nyingi mno, na mzee mwenye kanzu huziendesha kwa heshima ileile aliyoingia nayo msikitini. Fundi alituomba tumsubiri hadi alasiri, ndipo mwenyeji wetu akatupeleka Tongoni, yapata kilomita 17 kusini, katika njia ya Pangani.

Pale pana magofu ya msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Paa halipo tena. Kando yake yamezagaa makaburi ya nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka. Katika baadhi yake huonekana vishimo vilimopachikwa bakuli za kauri, nazo zimekwisha kung'olewa. Bahari iko karibu, na upepo wake hupita kuta zote bila kubisha hodi. Tuliwatolea salamu watu wa makaburini, tukawaombea dua.

Mjumbe wetu mkubwa kwa umri alisimama mbele ya kibla, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Mawe ya ile yetu," akasema, "marehemu baba aliyabeba kichwani kutoka pwani."

Tukamuuliza, "Mzee wetu, mbona kikaoni hukusema?"

"Mlikuwa na haraka, mwanangu."

Mwenzetu mwingine hakukubali. Alisema msikiti ni watu. Hapa mawe yapo na jamaa hakuna, basi yamefaa nini? Nasi hatukuweza kumwambia amekosea, kwa maana wanaoungua na jua Ijumaa ni majirani zetu.

Alasiri tulimuuliza fundi kama ghorofa yaweza kujengwa na kibla ikabaki mahali pake. Alipima kwenye karatasi, akafuta, akapima tena. Yawezekana, alisema, lakini nguzo mbili zitahamishwa, na gharama itapanda.

Njiani mzee alilala, kichwa chake juu ya gunia la machungwa. Ajenda ya kibla tumeirudisha kikaoni, Ijumaa ijayo, baada ya swala ya Isha.