Kununua Miaka

Katika Uingereza na Wales mtu anaweza kununua fleti, akamaliza mkopo wa benki, akabadili mabomba na madirisha kwa fedha yake, na bado sheria ikaendelea kumwita mpangaji. Alichonunua si nyumba, bali ni muda wa kuikalia: miaka 99, au 125, au 999, kwa kadiri ya mkataba. Juu yake yupo mwenye ardhi, naye ndiye atakayerudishiwa kila kitu muda huo ukiisha. Makazi zaidi ya milioni 4 yanamilikiwa kwa utaratibu huu. Ng'ambo ya mpaka, huko Uskoti, mwenye fleti humiliki fleti yake moja kwa moja. Kwa hiyo hoja kwamba majengo ya ghorofa hayawezekani bila utaratibu huu haina mashiko.

Naandika haya kwa sababu mimi ni mmoja wa wapangaji hao. Fleti ninayoishi London ilikodishwa mwaka 1981 kwa miaka 125. Mwaka 2024 ilikuwa imebakiza miaka 82. Kwa mtu wa makamo, miaka 82 ni zaidi ya umri uliombakia, na rafiki zangu wa nyumbani waliniuliza kwa nini nijisumbue. Jibu ni kwamba mkataba wa aina hii ni mali inayoliwa na kalenda. Kadiri miaka inavyopungua, ndivyo benki zinavyosita kumkopesha mnunuzi, na ndivyo bei ya kuiongeza inavyopanda. Binti yangu ndiye atakayerithi fleti hii, na sikutaka arithi pamoja nayo deni linalokua kila mwaka bila yeye kukopa chochote.

Sheria ya mwaka 1993 ilimpa mwenye fleti haki ya kudai nyongeza ya miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi ikishuka hadi punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Maana yake ni bure. Unampelekea mwenye ardhi notisi ukitaja bei unayopendekeza. Unampa muda usiopungua miezi miwili ajibu. Msipoafikiana, baraza huamua. Gharama zako za wakili na mthamini ni zako, na gharama za msingi za wakili na mthamini wake pia ni zako. Nilipopeleka notisi yangu, ndivyo ilivyokuwa.

Hesabu yenyewe inafundisha mengi. Mwenye ardhi analipwa kwanza kodi atakayoikosa. Kisha analipwa thamani ya kusubiri: baada ya miaka 81 fleti ingemrudia, na sasa itachelewa miaka 90 zaidi. Kwa kiwango cha asilimia 5 kinachotumiwa sana na wathamini, kila paundi 100 za thamani ya fleti itakayorudi baada ya miaka 81 huhesabiwa leo kama paundi 2 hivi. Hadi hapo mtu anaweza kuvumilia. Lakini miaka ikishafika 80 au chini ya hapo inaongezwa sehemu ya tatu. Ongezeko la thamani linalotokana na kurefushwa kwa mkataba hugawanywa nusu kwa nusu, ingawa mwenye ardhi hakuleta tofali wala saruji. Amechangia tu kuwapo kwake.

Kampuni inayomiliki ardhi ya jengo letu ilitaka paundi 13,800. Baada ya miezi saba ya barua tukaafikiana paundi 9,200, mbali na ada za wataalamu wa pande zote mbili. Mkataba wangu sasa utakwisha mwaka 2196. Nililipa kwa akiba niliyoiweka kwa kazi nyingine, lakini nililipa.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hakulipa. Ni muuguzi mstaafu anayeishi kwa pensheni, na mkataba wake ulianza siku ileile na wangu. Haki aliyonayo ni sawa na yangu neno kwa neno. Asichokuwa nacho ni fedha. Mwaka 2026 mkataba wake unafikia miaka 80, na bei yake itapanda kwa sababu tu alikuwa maskini kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo ninapoona kasoro ya haki inayouzwa: anayeihitaji zaidi ndiye anayetozwa zaidi.

Si kwamba watawala wa huku hawakuliona jambo hili. Sheria ya mwaka 1967 iliwapa wapangaji wa nyumba haki ya kununua ardhi iliyo chini yao, na wadhamini wa mali za Duke wa Westminster, mwenye mitaa mizima ya London, wakaipinga hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 1986 wakashindwa. Sheria nyingine iliyopitishwa Mei 2024 inaahidi nyongeza ya miaka 990 na kufuta mgawo ule wa nusu kwa nusu. Hata hivyo, vifungu hivyo viwili vilikuwa bado havijaanza kutumika nilipotia saini. Bunge lilipitisha, kalenda ya mwenye ardhi ikaendelea kuhesabu.

Nyumbani Tanzania nasi tunaishi kwa miaka ya kuhesabu. Mwaka 1958 Nyerere aliandika kupinga ardhi kuwa mali binafsi ya milele, na mwaka 1963 umiliki wa aina hiyo ukabadilishwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya raia, na haki ya kukalia hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa juu juu, hati ya Kinondoni na mkataba wangu wa London ni ndugu. Tofauti ni nani anayeshika mwisho wa ile miaka. Kwangu ni kampuni isiyonidai uendelezaji wala isiyopigiwa kura na mtu. Kwenu ni dola, inayoweza kuulizwa bungeni.

Sisemi kwamba dola haidhulumu. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992 ilipendekeza mamlaka hayo yaondolewe mikononi mwa Rais, na serikali haikukubali. Hoja hiyo haijafa. Lakini tangu ipitishwe Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, Mtanzania anaweza kuwa na hati ya fleti yake peke yake. Kwa hiyo kuna maswali ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam hana budi kuyauliza kabla ya kuvutiwa na vigae na lifti. Je, unapewa hati ya sehemu, au mkataba wa kupanga kutoka kwa mwendelezaji? Ardhi ya jengo imebakiza miaka mingapi? Nani ataomba muda mpya, na nani atalipia?

Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa kanuni, jiulizeni hili moja zaidi: miaka itakapokwisha, bei ya kuendelea kukaa kwake mwenyewe itapangwa na nani? Waingereza wamechukua zaidi ya nusu karne kujaribu kumnyang'anya mwenye ardhi jibu la swali hilo. Sisi bado tuna nafasi ya kutompa.