Mwenda Yerusalemu na Mkubwa Wake

Katika historia ya Norwei yupo mfalme anayeitwa Sigurd Jorsalafari. Neno hilo la pili si jina la baba wala la ukoo. Ni jina la sifa, lenye sehemu mbili: Jorsalir, yaani Yerusalemu kama watu wa Kaskazini walivyoitamka zamani, na fari, yaani mtu anayekwenda. Kwa Kiswahili tungesema Mwenda Yerusalemu. Wafaransa humwita Sigurd le Croisé. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja utaona kwamba hayasemi jambo moja. La kwanza linataja safari tu. La pili linataja vita.

Mimi nilikutana na jina hili nilipokuwa ninatafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya kazi ya darasa, sura chache za Heimskringla, kitabu cha masimulizi ya wafalme wa Norwei ambacho huaminiwa kiliandikwa na Snorri Sturluson wa Aislandi karibu mwaka 1230. Nilitumia tafsiri ya zamani ya Kiingereza, na kila nilipopata mashaka nilitafuta neno la asili katika kamusi. Jina hilo moja lilinichukua majuma matatu. Nataka kueleza kwa nini, maana naona jambo hili linatuhusu sote tunaojifunza lugha katika kitivo hiki.

Kwanza habari yenyewe. Majeshi ya Ulaya yaliteka Yerusalemu mwaka 1099. Miaka minne baadaye Magnus, mfalme wa Norwei, aliuawa vitani Ireland, akaacha wana watatu waliotawala pamoja: Øystein, Sigurd, na Olav aliyekuwa bado mtoto mdogo. Ilikubaliwa kwamba Sigurd aongoze safari ya kwenda Nchi Takatifu, na Øystein abaki kutunza nchi. Mwaka 1107 Sigurd, kijana wa miaka kama 17, akang'oa nanga na merikebu 60. Majira ya baridi ya kwanza alikaa Uingereza kwa mfalme Henry wa Kwanza. Ya pili alikaa Galicia, nchi ya Mtakatifu Yakobo, kaskazini-magharibi ya Uhispania. Akapigana katika pwani ambayo leo ni ya Ureno, akapita mlango wa bahari wa Gibraltar, akapigana visiwani, akapumzika Sisilia, na kiangazi cha mwaka 1110 akatia nanga Palestina. Anahesabiwa kuwa mfalme wa kwanza wa Ulaya kufika huko katika vita hivyo. Baldwin, mfalme wa Yerusalemu, alimpokea kwa heshima, akamsindikiza mpaka mto Yordani, akampa kipande kidogo cha mti ulioaminiwa kuwa wa msalaba wa Yesu. Kisha wote wawili wakauzingira mji wa Sidoni, Baldwin kwa nchi kavu na Sigurd kwa bahari. Mji ulisalimu amri mwezi wa Desemba mwaka huohuo.

Ukisoma muhtasari huo peke yake, jina la Mwenda Yerusalemu halina shida. Shida inaanza unaposoma polepole.

Chukua Galicia. Bwana wa nchi ile alikubali kuwauzia wageni chakula majira yote ya baridi. Lakini nchi ilikuwa na upungufu, na baada ya Noeli soko likafungwa. Sigurd hakungoja. Alikwenda na watu wake mpaka kwenye ngome ya yule bwana, yule bwana akakimbia, nao wakachukua chakula na mali nyingine nyingi, wakapakia merikebuni. Huyo alikuwa Mkristo, katika nchi ya Wakristo, mbali sana na Yerusalemu. Msimulizi anapita haraka, kama kwamba ni jambo la kawaida. Sisi tuliokulia katika nchi hii hatuhitaji mtu wa kutufafanulia sura hiyo. Tunajua jeshi likilala katika kijiji maskini, ghala linakuwa la nani asubuhi.

Halafu kuna kisiwa cha Formentera. Huko kundi la watu lilikuwa limejificha katika pango, juu kwenye genge la mawe, na kujenga ukuta mbele ya mlango. Walikuwa na mali nyingi, hata wakaonyesha vitambaa vya thamani juu ya ukuta ili kuwadhihaki wageni walio chini. Sigurd akaamuru mashua mbili zipandishwe mpaka juu ya genge, zifungwe kamba nene, zijazwe watu, ziteremshwe polepole mpaka mbele ya pango. Watu wa mashua wakatupa mawe na mishale, wenye pango wakarudi ndani. Ndipo Sigurd akapanda na wengine kutoka chini, wakavunja ukuta, wakaleta magogo, wakawasha moto mlangoni. Waliobaki ndani waliuawa na moshi na moto. Waliotoka waliuawa kwa silaha. Masimulizi yanasema kwamba safari nzima haikupata mateka makubwa kama yale ya pango lile.

Tafsiri yangu ya Kiingereza iliwaita watu wa pangoni Wamori. Neno la asili ni blámenn. Menn ni watu. Blá katika lugha ile ilikuwa rangi ya giza, kati ya buluu na nyeusi, na blámaðr lilikuwa neno la kawaida kwa mtu mweusi, mtu wa Afrika. Siwezi kusema watu wale walitoka wapi hasa, wala Snorri hasemi. Lakini msomaji wa Kongo akifika hapo hasomi tena kama mgeni anayetazama picha za barafu na merikebu. Anasimama. Katika kitabu hicho kila mtu wa Sigurd aliyetunga mashairi ana jina, hata majina ya utani ya watunzi yametunzwa, Halldor Mpayukaji na Thorarin wa Joho Fupi. Watu weusi wa pangoni hawana hata jina moja.

Na sababu yake si siri. Snorri aliandika zaidi ya miaka 100 baada ya safari, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa tungo za watunzi wa mfalme. Wale kati yetu waliosoma kasala za Waluba wanajua kazi ya jina la sifa: ni mlango mdogo wa kuingilia hadithi ndefu, na anayeufungua ni mtu wa nyumbani mwa anayesifiwa. Watunzi wa Sigurd walihesabu vita vyake kimoja kimoja, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hawakuwa waongo. Walisimama upande mmoja tu wa ukuta.

Kwa bahati, upande wa pili una mwandishi wake, ingawa si wa pangoni. Ibn al-Qalanisi aliishi Damasko wakati huohuo, na aliandika kwa Kiarabu historia ya mji wake. Anaeleza kwamba mfalme mmoja wa Wafranki alikuja kwa bahari na merikebu zaidi ya 60, na shabaha zake alizitaja mbili pamoja: hija na vita katika nchi za Waislamu. Sigurd kwake hana jina. Ni mfalme mmoja tu kati ya wafalme. Kisha anaeleza yaliyoupata Sidoni: wakuu wa mji waliomba amani na kupewa, wengi wakahamia Damasko, na waliobaki wakatozwa kodi mpaka wakafukarika.

Nilivutwa sana na maneno yale mawili, hija na vita, yakikaa pamoja bila kugombana. Watu wa Ulaya wa siku zile wenyewe walisema wanakwenda safari, au hija. Neno croisade lilikuja baadaye, na katika miji yetu limebadilika tena. Sisi tunaliona kwenye vitambaa vya matangazo barabarani: croisade ya siku tatu, uwanja fulani, waimbaji fulani, wagonjwa wataombewa. Hakuna anayefikiria pango wala moto. Kwa hiyo, kama ningeandika "Sigurd wa Croisade", msomaji wa kwetu angeweza kumwona mhubiri mwenye kipaza sauti. Nikiandika "Mpiganaji wa Msalaba", nasema kweli, lakini nawatia watu wa Kaskazini mdomoni jina ambalo hawakumpa. Nikiandika "Mwenda Yerusalemu", natafsiri sawasawa, na vita vyote vinafichwa nyuma ya kitenzi kimoja, kwenda.

Jibu nililipata katika kitabu chenyewe, mbele kidogo, katika sura ambayo sasa naiona kuwa nzuri kuliko zote.

Sigurd alirudi nyumbani mwaka 1111. Alikuwa amepita Konstantinopoli, ambako aliingia kwa fahari kubwa na kumwachia kaisari merikebu zake. Watu wake wengi walibaki huko katika utumishi wa kaisari, naye akarudi kwa nchi kavu. Miaka kadhaa baadaye yeye na Øystein walikutana katika karamu moja wakati wa baridi. Watu wamekaa kimya, pombe haichangamshi. Øystein akapendekeza mchezo uliozoeleka kwenye vinywaji, mannjafnaðr. Tukitafsiri neno kwa neno ni kusawazisha watu: kila mmoja anachagua mtu wa kujilinganisha naye, na wanashindana kwa maneno mbele ya wote. Øystein, aliye mkubwa, akamchagua mdogo wake.

Wakaanza na mambo madogo. Sigurd ana nguvu, anaogelea vizuri zaidi. Øystein anateleza vizuri zaidi juu ya barafu. Sigurd anavuta upinde mzito; Øystein anajua zaidi sheria. Kisha Sigurd akatoa silaha yake kubwa. Alipigana vita na watu wa nchi za mbali na kushinda, alifika kwenye kaburi la Bwana, na wakati huo wote mkubwa wake alikuwa amekaa nyumbani kama binti wa baba yao. Mdogo kumwambia mkubwa hivyo mbele ya wageni! Kwetu wazee wangesimamisha karamu.

Øystein hakupandisha sauti. Alijibu kwanza kwamba yeye ndiye aliyemfungia mizigo ya safari, kama mtu anavyomwandalia dada yake. Kisha akahesabu kazi zake, kama vile watunzi walivyohesabu vita vya Sigurd. Huko Vågan, kaskazini, alijenga vibanda vya wavuvi maskini wapate pa kujikinga, na kanisa lenye padri. Katika mlima wa Dovre, ambako wasafiri walikuwa wanakufa kwa baridi, alijenga nyumba za kulala na kuziwekea mali ya kuzitunza. Agdenes, pwani iliyokuwa inavunja merikebu, alijenga bandari. Bergen alijenga makanisa na jumba la mfalme. Watu wa Jemtland aliwaleta chini ya Norwei kwa maneno mazuri, bila kupigana. Akakiri kwamba mambo hayo ni madogo kuyasema, lakini hakuyaona kuwa na faida ndogo kwa watu wa nchi kuliko kuwaua watu kwa ajili ya shetani huko mbali.

Sigurd akarudi Yordani. Alisema aliogelea mpaka ng'ambo, akafunga fundo katika vichaka vya ukingoni kwa ajili ya ndugu yake, ili aende kulifungua au abebe laana yake. Øystein akajibu kwamba hataenda kulifungua. Na kwamba yeye mwenyewe angeweza kumfungia Sigurd fundo gumu zaidi, siku ile aliporudi na merikebu moja tu na kuingia kati ya merikebu nyingi za ndugu yake. Hapo wote wawili wakanyamaza, na wote wawili walikuwa na hasira. Snorri hasemi nani alishinda.

Tunafundishwa methali ya pwani, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi wa bara tezi na omo tunavijua kwa kamusi tu, lakini maana yake inamfaa Sigurd: alirudi, na nyumbani alimkuta mtu wa kumwuliza faida ya mwendo wake. Methali nyingine inasema mcheza kwao hutunzwa. Hiyo kwa Øystein haikutimia sawasawa. Wavuvi na wasafiri wa Dovre hawakuwa na watunzi wa kulipwa, na jina lililopata kuchezwa jukwaani, katika tamthilia ya Bjørnson yenye muziki wa Grieg, mwaka 1872, ni la Mwenda Yerusalemu.

Basi niliandika Mwenda Yerusalemu. Ndilo jina alilopewa na watu wake, na mfasiri hana ruhusa ya kumhukumu mtu ndani ya jina lake. Watu wa pangoni sikuwaita Wamori. Niliandika watu weusi, kama neno la asili linavyosema, ili msomaji wa Kiswahili asimame pale nilipolazimika kusimama mimi. Na kwa kuwa kazi ilidai kurasa tatu, nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuleta tano, ili jina, pango na majibu ya Øystein visomwe kwa mfuatano, pasipo kukatwa. Nawaachia wenzangu wa mwaka ujao swali ambalo kamusi haikunisaidia: fari ni mtu anayekwenda; je, yule anayebaki na kujenga bandari, kwa Kiswahili tumwite nani?